Kuhamia Arusha: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nilihama Dar na mabegi mawili, godoro na feni. Godoro limeshabadilishwa, feni bado ipo kwenye boksi lake, naitoa wiki mbili tatu za Februari kisha narudisha. Tangu hapo kila ndugu na kila rafiki wa rafiki anayetaka kuhama ananipigia mimi, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa nikatume link niendelee na kazi zangu. Kama swali lako lina majibu sehemu mbili nimeonyesha uende wapi.

## Ya mwanzo kabisa

Ukisema "Arusha" unamaanisha wapi hasa?

Hapa ndipo watu wanachanganya. Mkoa wa Arusha ni mkubwa, una Arusha jiji, una Arumeru ambayo imegawanyika halmashauri mbili (Arusha DC na Meru), kuna Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Anayesema anahamia Arusha mara nyingi anamaanisha jiji pamoja na ule ukanda wa barabara kuu kuanzia Usa River na Tengeru upande wa Moshi mpaka Ngaramtoni na Kisongo upande mwingine. Mimi humu naongelea huko. Moshi ni mkoa mwingine, kilometa kama 80, na usimwambie mtu wa Moshi kwamba ni kule kule.

Baridi ni ya kweli au watu wa Dar mnadeka?

Tunadeka, lakini pia ni ya kweli. Mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na umeegemea Mlima Meru, sasa kuanzia Juni mpaka Agosti wingu linakaa tu pale juu, unaamka saa moja kuna ukungu, saa sita bado jua hamna, na usiku inashuka mpaka nyuzi 12 hivi au chini yake. Kinachotesa sio nje, ni ndani. Nyumba nyingi hazina silingbodi, bati lipo juu ya kichwa chako na sakafu ni simenti tupu. Julai yangu ya kwanza nilifua jinzi Jumamosi nikaivaa Alhamisi, na bado mshono wa kiunoni ulikuwa unyevu.

Kwa hiyo njoo na blanketi zito, soksi, na kama ni mtu wa kuoga asubuhi panga bajeti ya hita ya maji. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Novemba na Desemba. Januari na Februari mchana joto lipo na vumbi pia lipo, hasa ukikaa upande wa chini (angalia kwenye mitaa).

Nasafirishaje mizigo kutoka Dar?

Ni kilometa zaidi ya 600, basi linakula siku nzima. Ukiwa na vitu vya nyumba nzima usikodi gari la kutoka Dar na kurudi, tafuta Fuso linalorudi. Malori yanashuka Dar na vitunguu vya Mang'ola, viazi, mbogamboga, yakirudi dereva anatafuta chochote cha kubeba, hapo ndio unaongea bei. Funga godoro kwa turubai hata kama dereva ameapa hamna mvua, Same jua kali, ukifika Usa River unakuta maji yanamwagika.

Ukija kwa ndege soma tiketi vizuri. Kuna KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ambayo ipo katikati ya Arusha na Moshi, karibu kilometa 50 kutoka mjini, na kuna uwanja wa Arusha ule wa Kisongo ambao unafika kwa bajaji. Nimeshamsubiri shemeji yangu Kisongo saa nzima, mwenzangu amekaa KIA analalamika nimemtelekeza.

## Nyumba na mitaa

Nikae mtaa gani?

Kabla ya majina ya mitaa shika kitu kimoja: barabara kuu inapita chini ya mlima, kaskazini yake unapanda na kusini yake unashuka. Ukipanda, yaani Ilboru, Sekei, Sakina ya juu, Ngaramtoni kuelekea Olmotonyi, unapata migomba, kijani, mvua, tope na baridi. Ukishuka, yaani Njiro, Muriet, Kwa Mrombo mpaka Terrat, unapata ardhi kavu, upepo, vumbi na joto kidogo. Mengine yote yanafuata hapo.

Njiro ni ya familia na watu wenye ofisi, nyumba zimepangwa, maduka yapo. Moshono na Moivaro zinajaa kwa kasi ya ajabu, pori ulilopita Januari ukirudi Desemba kuna geti jeusi na mbwa. Kijenge, Kimandolu, Sanawari ukitaka uwe karibu na mjini bila mambo mengi. Kaloleni, Ngarenaro, Unga Limited ni mjini kabisa, kelele zipo, chakula cha usiku kipo, maisha yapo. Usa River na Tengeru ukitaka bustani na utulivu na huna shida ya kukaa kwenye gari, japo ile njia nne ya Sakina mpaka Tengeru imepunguza sana mateso.

Bei siandiki. Nikiandika leo mwezi ujao mtu ananipigia kunigombeza.

Dalali ni lazima? Na kodi wanataka miezi mingapi?

Sio lazima ila bila dalali utazunguka sana. Ada yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na wengi wanataka na hela ya kukuzungusha kuona nyumba hata usipochukua, hiyo mkubaliane kabla hujapanda bodaboda. Kodi wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, wapo wa mitatu, wapo wa mwaka. Omba mitatu ya mwanzo hata kwa kubembeleza, sababu zipo kwenye jibu linalofuata.

Nikague nini kabla sijalipa?

Maji kwanza. Mimi nilionyeshwa nyumba nzuri tu, dalali akafungua bomba la jikoni, maji yakatoka kwa presha mpaka yakanirukia shati, nikalipa siku ile ile. Kumbe asubuhi yake walikuwa wamejaza simtenki kwa boza. Siku ya nne bomba likakohoa likanyamaza. Jirani, mama mmoja anauza maandazi pale kwenye kona, akaniambia "kaka ungeniuliza mimi, huku maji yanatoka Jumanne usiku na Ijumaa." Tangu siku hiyo mimi namuuliza muuza maandazi kwanza, dalali baadaye.

Halafu nenda ile nyumba siku ya mvua. Njia ya kwenda inaweza kuwa nzuri Septemba na Aprili isipitike hata na pikipiki, udongo wa huku ukilowa unashika kiatu unakivua. LUKU hakikisha ni ya kwako peke yako, ya kushea italeta ugomvi na mpangaji mwenye jiko la umeme.

Nataka kununua kiwanja moja kwa moja, kupanga ni kupoteza hela.

Panga mwaka mmoja. Najua utanibishia, wote wananibishia, lakini kiwanja unachokipenda Februari hujakiona Mei, na hujui maji yake.

Ukishajua unataka wapi, kiwanja kilichopimwa, ukaangalie taarifa zake ofisi ya ardhi ya halmashauri, na muuzaji kama ana mke au mume basi huyo mwenza awepo na akubali kwa maandishi. Ukienda pembeni kwenye ardhi ya ukoo, muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na bado kaka zake wanne wakaja na fimbo. Ardhi huku kwa mlima ni finyu na ina historia. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa New York kulisemea hilo. Wajukuu wa watu wale ndio majirani zako watarajiwa, usije na mdomo wa "hapa pori tu limekaa bure".

Na hii homa ya Olmoti kule unakojengwa uwanja wa AFCON 2027, mimi sikushauri wala sikukatazi, ila kila kiwanja saivi kinatangazwa kipo "jirani na uwanja wa AFCON", hata vya Kisongo.

## Maji, nayapa sehemu yake

Ni kweli maji ya Arusha yanaharibu meno?

Ni kweli, na hili ndio swali wengi wanauliza mwisho wakati lilitakiwa liwe la kwanza kama una watoto. Miamba ya huku ni ya volkano na maji ya ardhini mengi yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na chemchemi kuzunguka Meru vinavuka hapo mara nyingi tu. Ukiona mtu mzima mwenye meno ya kahawia yenye mistari, hajakosa mswaki, amekua akinywa maji ya kwao.

Meno yanaathirika wakati yanatengenezeka, yaani utotoni mpaka kama miaka minane. Wewe mwenye miaka 35 meno yako hayatabadilika rangi. Mwanao wa miaka miwili yake yanaweza kubadilika. Kwa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi hata mifupa inaumia, kwa hiyo sio suala la urembo tu.

Si nachemsha tu?

Hapana! Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki pale pale, tena maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Chujio la kawaida la dukani nalo halisaidii. Kinachosaidia ni maji ya mvua (hayana floridi ya maana, kwa hiyo gata na tenki ni uwekezaji), machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ambayo yametengenezwa na kutumika huku Arumeru miaka mingi, au kununua maji ya kunywa na kupikia. Uji wa mtoto nao ni maji, usisahau. Na ile magadi ya kulainishia maharage na makande iache, nayo inabeba floridi.

Nitajuaje maji ya mtaa wangu yakoje?

Macho hayakusaidii. Pale Maji ya Chai jina limetokana na rangi ya mto, lakini maji meupe kabisa yanaweza kuwa mabaya kuliko ya rangi. Peleka sampuli ikapimwe maabara ya maji, au uliza mamlaka ya maji chanzo cha mtaa wako ni kipi, maana mtaa mmoja na mwingine vinatofautiana. Njia ya kienyeji: angalia meno ya watoto wa darasa la tatu na la nne waliozaliwa pale pale. Sio maabara, ila inakwambia kitu.

## Kazi na hela

Nikija nitapata kazi ya utalii?

Inategemea unaweza kusubiri muda gani. Hela ya huku ina misimu kama mvua. Juni mpaka Oktoba mji unajaa Land Cruiser za safari, Desemba mpaka Februari inakuwa vizuri tena, Aprili na Mei kambi nyingi zinafunga na madereva wanashinda wanaosha magari ambayo hayajachafuka. Usihamie Machi ukitegemea kuajiriwa Aprili. Waliokuwepo mwaka 2020 wanakumbuka ilivyokuwa wageni walivyopotea wote kwa mpigo, jamaa yangu guide wa miaka mingi alirudi kulima nyanya na hata saivi hajaacha lile shamba, anasema anaogopa.

Kuwa guide kunahitaji mafunzo na leseni, na lugha ya tatu inakubeba. Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kichina. Kiingereza kila mtu anacho.

Na nje ya utalii?

Ipo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, inaleta mikutano na mikutano inaleta hoteli, madereva na wakalimani. Vyuo vipo, Chuo cha Uhasibu Njiro, Nelson Mandela kule Tengeru, Chuo Kikuu cha Makumira. Mashamba ya maua na kahawa, viwanda, na kilimo cha mboga. Biashara ndogo inalipa ila soma kwanza jibu la juu kuhusu misimu, maana hata muuza chipsi anausikia mwezi wa nne.

## Mlima na nje ya mji

Naweza kupanda Mlima Meru wikiendi?

Wikiendi hapana. Ni mlima wa mita zaidi ya 4,500, unapandwa siku tatu au nne kuanzia geti la Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha, unalala Miriakamba kisha Saddle, na usiku wa manane unaanza kwenda kilele cha Ujamaa. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, sababu ni nyati, na nyati sio hadithi, wapo pale kwenye nyasi za chini wanakutazama. Wenyeji wanauita mdogo wa Kilimanjaro, magoti yangu hayakubali hilo jina. Ule ukingo wa mwisho ni mwembamba, upepo unapiga, upande mmoja unaona shimo la volkano limekaa chini kabisa. Ukibahatika jua linachomoza nyuma ya Kibo.

Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, beba kitambulisho. Hela taslimu getini usitegemee.

Kwa siku moja tu niende wapi?

Hifadhi ya Arusha yenyewe, ziwa za Momella na kreta ya Ngurdoto, twiga wanakatiza barabara. Ziwa Duluti pale Tengeru, unazunguka kwa mguu na msitu umefunga juu yako, ukienda Jumatano au Jumamosi unaunganisha na gulio la Tengeru unarudi na parachichi. Chemka, maji ya uvuguvugu yale ya rangi ya bluu, ipo upande wa Hai, nenda katikati ya wiki. Mwenye gari na mgongo imara aende Natron akaone Ol Doinyo Lengai, ila hiyo sio siku moja, usidanganywe.

Naweza kukimbia au kutembea peke yangu mlimani?

Barabarani asubuhi hamna shida, utapitwa na wanariadha wanaofanya mazoezi huku kwa sababu ya mwinuko na utajiona umesimama. Kwenye misitu na maporomoko ya maji nenda na kijana wa pale pale kijijini, njia zinagawanyika na mvua ikinyesha juu mto unajaa ghafla. Kupita kwenye shamba la mtu salimia kwanza.

## Watu na chakula

Nitaelewana na watu? Nasikia Chuga ni wakorofi.

Chuga ni Arusha kwa jina la mtaani, na machalii (vijana) wa Chuga wanaongea kama wanagombana, hawagombani. Konda wa kifodi (daladala ndogo) akikufokea "songa chalii!" anakukaribisha ukae. Wiki ya kwanza nilidhani nachukiwa.

Wenyeji ni Waarusha, ambao wanaongea Kimaa, na Wameru, ambao lugha yao ipo karibu na Kichaga. Usiwachanganye mbele yao. Mzee wa Kiarusha ukimwamkia "supai" siku yako inaanza vizuri. Wazee shikamoo kama kwingine, na msibani unaenda, hata kama umehamia juzi, ukikosa msiba wa jirani watakukumbuka nao kwa namna yao.

Chakula je?

Machalari (ndizi na nyama), mtori, nyama choma kila kona, loshoro (mahindi na maziwa mgando) ukiipata kwa mama anayeijua. Nyanya chungu huku zinaitwa ngogwe, usibishane na mama wa sokoni. Samaki wa baharini sahau, au mle mkienda Tanga.

## Ya pembeni

Nina presha / mtoto ana pumu, nihamie?

Ongea na daktari wako, sio mimi. Ninachojua ni kwamba vumbi la upande wa chini na ubaridi wa upande wa juu vyote vinawasumbua wenye pumu niliowaona, kwa hiyo chagua mtaa kwa kifua cha mtoto kwanza. Kwa hospitali kuna Mount Meru ya mkoa, kuna ALMC ya Walutheri, na rufaa kubwa ni hospitali ya KCMC Moshi. Malaria ni kidogo kuliko Dar ila neti usiitupe, ukishuka Mto wa Mbu utaelewa jina lilitoka wapi.

Mimi ni Mkenya / sio Mtanzania, naweza kuhamia na kununua ardhi?

Kukaa unahitaji kibali cha ukaazi, na cha kazi kama unafanya kazi. Namanga ni mwendo wa kilometa 110 hivi, kwa hiyo Wakenya ni wengi na ni rahisi kuzoea. Ardhi ndio ngumu, asiye raia hamiliki ardhi Tanzania ila kwa njia ya uwekezaji. Anayekwambia "andika jina la dada wa kazi" anakutafutia kesi.

Naweza kuja kufanya biashara ya tanzanite?

Machimbo yapo Mererani, na Mererani ni Simanjiro mkoa wa Manyara, kuna ukuta umezunguka tangu 2018. Biashara ina leseni na utaratibu wake. Unachokutana nacho mjini ni kitu kingine. Siku moja karibu na Mnara wa Saa kijana kanisogelea, kafungua kipande cha tishu, ndani kijiwe cha bluu, anaongea kwa kunong'ona kama tupo msikitini, "bro, mzee anaumwa, nipe chochote." Nikamwambia mimi mwenyeji, nakaa Sakina. Akakunja tishu yake taratibu, akaniangalia viatu, akasema "ungesema mapema mkubwa," akavuka barabara kumfuata mzungu.